Hakuna Aliyeumia

Kokubanza hakumpa mgeni hata punje moja ya kahawa ya kutafuna, ile wanayokaribishiwa wageni. Kikapu kidogo kilikuwa hapo hapo miguuni pake, na Gaudiosus, Mhaya wa Bukoba aliyelelewa kwa adabu zilezile, alikiona, akaelewa kwamba amenyimwa makusudi. Alikohoa, akaketi bila kukaribishwa.

"Shikamoo, Mama."

"Sema kilichokuleta."

Kijiji kizima cha Kituntu kilijua kilichomleta. Kwa miezi miwili alikuwa amejifungia katika ghala la kahawa pale barabarani akiifufua ile ndege iliyoanguka mwaka 1943. Ilikuwa ndege ya mbao na kitambaa, bawa juu ya bawa, ambayo jeshi liliitumia kufundishia vijana kabla ya kuwapa ndege za vita zenyewe. Sasa, mwaka huu wa 1952, chama cha Wazungu warushaji ndege huko Nairobi kiliitaka, kikamtuma Gaudiosus kwa kuwa wakati wa vita alikuwa fundi wa ndege kama hizo. Watu walikwenda kumchungulia akipiga randa mbavu za mabawa na kushona kitambaa kwa sindano ndefu kama ya magunia. Kokubanza hakukanyaga huko. Aliichukia ile ndege kwa moyo wake wote, na akamchukia vilevile yule anayeifufua.

"Kipande cha kitambaa cha ubavuni kimekatwa," Gaudiosus alisema. "Ndicho chenye namba yake. Kitabu cha kumbukumbu zake ninacho, lakini mkaguzi anataka kuiona namba kwenye ndege yenyewe, rangi ileile ya kiwandani, ndipo akubali kwamba kitabu na ndege ni kitu kimoja. Bila hiyo hairuki. Nimeambiwa kipande kiko kwako."

"Nani amekwambia?"

"Watu." Akafungua mkoba, akatoa kitabu chenye jalada gumu. "Hii si takataka, Mama. Ina historia." Akaanza kusoma akitafsiri, kwa majivuno: ndege iliundwa lini, ilifundisha wangapi, mwanafunzi gani alivunja gurudumu. "Tarehe kumi na mbili Machi 1943. Mwanafunzi alipotea njia, mafuta yakaisha, akatua kwa dharura Kituntu. Bawa la kushoto limevunjika. Gurudumu moja limevunjika. Hakuna aliyeumia."

Ndani ya nyumba, Adventina, binti wa Kokubanza, aliacha kumenya ndizi.

"Soma hapo mwisho tena," Kokubanza alisema.

"Hakuna aliyeumia."

Mwanawe Egbert alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa akipalilia migomba ndege ilipomjia kutoka nyuma kimyakimya, injini imezimika, ikamwangukia. Yule mwanafunzi wa Kizungu alitoka na mchubuko kwenye paji la uso, akapewa maziwa, na kesho yake askari wakaja kumchukua. Waliiona maiti ya Egbert imelazwa. Afisa mmoja alivua hata kofia. Kisha wakaenda zao wakaandika upuuzi huu! Gurudumu walilikumbuka, mtoto wa watu hawakumkumbuka.

"Mwandike," alisema Kokubanza. "Hapo hapo. Egbert Kashaija, mwana wa Kokubanza wa Kituntu, aliuawa na ndege hii. Ukimaliza, nitakuonyesha kitambaa kilipo."

"Mimi ni fundi tu. Kitabu hiki ni cha wenyewe."

"Na mbavu ulizochonga, nani ameziandika humo?"

Gaudiosus aliutazama mwandiko wake kitabuni. Alikuwa ameziandika yeye.

"Nitafukuzwa kazi, Mama."

"Mimi nimefiwa. Andika."

Gaudiosus alimkazia macho ya chuki, akachomoa penseli sikioni, akaandika harakaharaka na kumgeuzia ukurasa. Kokubanza hakujua kusoma. Lakini kila msimu alipeleka kahawa mizanini, na alikwisha kuwajua makarani wanaoandika uzito kwa penseli, ukigeuka tu kilo zako zinapungua. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akakipitisha juu ya maneno. Yakawa tope la kijivu.

"Mwizi mkubwa! Unanifanyia mambo ya karani wa mizani nyumbani kwangu? Wino!"

Gaudiosus alisimama aondoke. Alipiga hatua tatu, akafikiria miezi yake miwili ghalani, akarudi. Safari hii alitumia kalamu ya wino, akiikandamiza kana kwamba anataka kuitoboa karatasi. Adventina alitoka, mikono myeusi kwa utomvu wa ndizi, akainama na kusoma.

"Ameandika 'alifariki', Mama."

"Nilisema aliuawa."

Gaudiosus akalipiga mstari neno hilo, akaandika jingine, akipumua kwa nguvu. Adventina alitikisa kichwa kukubali.

Ndipo Kokubanza alipoinuka, akampeleka nyuma ya nyumba, kati ya migomba, mpaka kwenye mawe yaliyopangwa kuzunguka kaburi.

"Ilitubidi tukate kitambaa ili tumtoe," alisema. "Na vita vilikuwa vimemaliza nguo madukani. Nilimzika nacho. Namba yako iko humo. Jembe lile pale ukutani, chimba kama una moyo huo."

Gaudiosus alitukana kwa Kihaya, tusi ambalo mwanamume hamtamkii mama wa mtu. Akaushika ule ukurasa ili auchane. Lakini upande wa pili wa karatasi hiyo kulikuwa na kumbukumbu za injini, kazi yake ya miezi miwili kwa mwandiko wake mwenyewe. Vidole vikalegea.

"Haitaruka, basi," alisema.

"Isiruke. Sasa msomee."

"Binti yako amekwisha kusoma."

"Wewe. Wewe uliyetumwa nao. Msomee mwanangu."

Hakuwa na njia ya kupita. Mama alikuwa amesimama mbele yake, na binti nyuma. Alisoma huku ameuma meno: Egbert Kashaija, mwana wa Kokubanza wa Kituntu, aliuawa na ndege hii. Kwa miaka tisa hakuna mtu wa upande wa wenye ndege aliyekuwa amelitamka jina hilo. Kokubanza alilia mbele yake kwa sauti, bila kuona aibu, na alipomaliza kulia alimwambia atoke kwenye kibanja chake cha migomba.