Doa la Marashi kwenye Gauni la Eda

Sikumpenda Zainabu tangu siku ya kwanza. Wifi gani huja kila Ijumaa kunusa nguo za mjane? Lakini ndivyo alivyofanya tangu kaka yake, Dauda fundi cherehani, alipokufa kwa homa, akamwacha mkewe Saidati na binti wa miaka mitatu.

Saidati alikuwa jirani yangu hapa Gisenyi. Mimi ni muuza samaki, Mkristo, na mambo ya eda nilijifunza kwake: miezi minne na siku kumi mjane hatoki bila dharura, hajipambi, hagusi marashi. Ukoo wa mume ulikuwa umemwambia wazi. Akimaliza eda kwa heshima, nyumba na mtoto vinabaki kwake. Akiivunja, arudi kwao Busasamana peke yake. Hawakumwamini, eti kwa sababu alizaliwa Mkristo, akasilimu ili aolewe.

Zilibaki siku tisa. Alhamisi asubuhi alilitoa koti la marehemu alianike uani, maana lilishaanza kuota ukungu. Mfukoni mlikuwa na kichupa cha mafuta ya waridi ambayo Dauda alijipaka akienda msikitini, na kizibo kilikuwa kimelegea. Mafuta yakammwagikia kifuani, kwenye gauni jeupe la kitambaa cha marekani. Hakuwa na jingine la eda.

Alilifua kwa sabuni na maji ya moto, harufu ikazidi kupanda. Akapaka ndimu na chumvi, akalianika juani, doa likageuka njano. Akanyunyiza unga wa muhogo ili ufyonze mafuta, kisha akasugua kwa majivu ya maganda ya ndizi mpaka vidole vikachubuka. Ijumaa asubuhi nilimkuta amejifunga kitenge, analia juu ya beseni.

"Dada Nyirasafari, harufu iko inazidi tu. Zainabu atasema nilijipaka."

"We, acha kulia. Mafuta inatoka na pombe kali. Mi niko nayo."

Mume wangu alikuwa akiitengeneza kwa siri nyuma ya jiko, na wavuvi waliinunua wajisugue kifua wakitoka ziwani, au ndivyo walivyodai. Serikali ya Wabelgiji iliipiga marufuku. Ukikamatwa nayo, jela. Niliificha chupa chini ya kapu la samaki nikaileta.

"Pombe ndani ya nyumba ya Dauda?" akauliza.

"Kwani unakunywa? Unafua!" Nikacheka. Nilijiona mjanja, mjinga mimi.

Nikaimimina kwenye bakuli, tukachovya kitambaa na kusugua taratibu. Doa likapauka, likaisha. Harufu ya waridi ikatoweka kabisa. Tulifurahi kama watoto. Pua zetu zilishazoea pombe, hatukuisikia tena.

Zainabu akaingia kabla hatujaliondoa bakuli. Alipiga hodi akiwa tayari ndani, kama kawaida yake. Akasimama, akavuta pumzi, akainama na kuliinua.

"Pombe. Nani alikuletea hii?"

Mume wake alikuwa polisi. Ningefungua mdomo, mume wangu angelala jela siku hiyo hiyo. Nilitazama mkeka. Saidati alinitazama mara moja tu, nikahisi macho yake usoni.

"Hakuna mutu," akasema. "Mi mwenyewe nilitoka jana, nikanunua."

"Donc, kumbe ulitoka! Na eda haijaisha!"

"Ilikuwa ya kufua, wifi. Mafuta ya Dauda ilimwagika kwa gauni yangu."

Zainabu akalichukua gauni, akaligeuza mbele na nyuma, akalipeleka mlangoni kwenye mwanga.

"Doa iko wapi? Gauni iko safi! Ulikuwa unafua nini?"

Ningeweza kusema, "Mimi nililiona." Maneno mawili tu, na sikuyasema. Zainabu akamfunga mtoto mgongoni, akatoka naye huku mtoto akilia na kunyoosha mikono kwa mama yake.

Kabla ya adhuhuri Saidati alipita mbele ya nyumba yangu na kifurushi kichwani, akishika njia ya Busasamana. Nilikuwa nimekaa mlangoni, napaa magamba ya samaki.

"Ubaki salama, dada," akaniambia. "Ukiona mutoto yangu, umusalimie."

Nikaitikia kwa kichwa. Kisha nikachukua samaki mwingine.