Upande B wa Kanda ya Kelderwind

Kila Jumapili, misa ya pili ikiisha, Protais alifungua kibanda chake cha kunyolea pale Mulongwe, akakung'uta taulo, akashusha betri nne kutoka juu ya bati, mahali zilikoota jua tangu asubuhi. Betri hizo zilikuwa na miaka minne. Zilikuwa zimekufa mara nyingi, na kila mara jua la Uvira lilizifufua kwa nusu saa hivi, muda wa kumaliza upande mmoja wa kanda.

Jumapili moja ya mwezi wa tisa, mwaka 1999, alikuwa akimnyoa Étienne, karani wa ofisi ya vizazi na vifo. Alitaka kusikiliza demo, kanda ya majaribio, ya Kelderwind, vijana wanne wa hevi metali kutoka Ghent, lakini mikono ilikuwa na sabuni, akaingiza kanda kwenye radio kwa upande B. Upande huo ulikuwa mtupu tangu kanda itengenezwe. Ikatoka sauti ya Ndihokubwayo wa Kiringye, aliyekuwa amepotea miezi mitatu.

"Umekosea tena, Protais," sauti ilisema, nzito na ya kujivuta. "Gita la wimbo wa pili halijachoka. Linangoja."

Étienne alitega sikio chini ya povu. "Iko Ndihokubwayo?"

"Njo yeye."

"Sawa. Unipunguzie kidogo na huku nyuma."

Kanda zenyewe zilikuwa sabini na tatu, ndani ya sanduku la sabuni. Aliziacha mwalimu mmoja wa fizikia, Mbelgiji, siku wageni walipokimbia mwaka 1991. Nyingi zilikuwa demo za makundi ambayo hata kwao hayakujulikana, majalada yake yamepigwa fotokopi na kuchorwa mafuvu kwa kalamu. Majirani walisema ni mashine ya unga iliyokosa mafuta. Watu wawili tu waliuona kuwa ni muziki: Protais, na Ndihokubwayo aliyesoma naye dawati moja, halafu akaenda kuendesha pampu ya maji ya mashamba ya mpunga kule Kiringye.

Walikuwa na kaye moja, daftari la shule. Protais aliandika maoni yake ukurasa wa kushoto, akaipeleka kwa lori la Jumatano. Ndihokubwayo alijibu ukurasa wa kulia, ikashuka Jumamosi. Alama zilitolewa juu ya ishirini, kama shuleni, na hawakuwa watu wa huruma. Kuhusu demo ya Saint-Marteau wa Liège, Protais aliandika: "Mwimbaji analia kabla hajapigwa. Saba." Ndihokubwayo akajibu: "Sita. Na mpiga besi alikuwa amekwenda kula."

Kelderwind ndiyo iliyowagombanisha. Protais aliandika kwamba hajawahi kusikia kundi zito na la polepole kama hilo, ng'ombe anayevutwa kutoka matopeni, na mwisho uzito wao unachosha: kumi na moja. Ndihokubwayo, aliyekuwa na nakala yake ya kanda hiyo, akajibu kwamba Kelderwind ndiyo demo ya kasi kuliko zote sandukuni: kumi na nane. Walibishana miaka mitatu, katikati ya vita viwili, kaye ikipita chini ya viti vya madereva. Mwezi wa sita mwaka 1999 Protais aliandika: "Kama unabisha, kuja unionyeshe."

Ndihokubwayo aliirudisha kaye kwa lori bila jibu, akapanda baiskeli akaja kumwonyesha. Walimwona akipita Bwegera, na furushi dogo la karatasi limefungwa kwenye keria. Luberizi hakuna aliyemwona.

Protais alikuwa mpweke. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Mji ulikuwa na watu tele, na kila siku alishika vichwa vyao mikononi. Lakini mtu pekee aliyeweza kukasirika kwa sababu ya ngoma ya Kelderwind alikuwa hayupo, na ni Protais mwenyewe aliyemwita.

Habari ya upande B ilipomfikia Kankindi, mke wa Ndihokubwayo, alikuja Jumapili iliyofuata. Watu humwita Mama Délice, kwa jina la bintiye. Tangu mume apotee alikuwa Uvira, kwa dada yake, na nywele zake zilikuwa zimeanza kusukuma kitambaa. Wakwe zake walikuwa na neno moja: bila kaburi, matanga hayaondolewi. Matanga yasipoondolewa mjane hanyolewi, na asiyenyolewa hapandi mpunga. Shamba lake la Kiringye lilikuwa limekwisha kuota majani.

Alisikiliza upande mzima, mikono mapajani.

"Sauti imekuwa nzito," alisema. "Minye nataka fasi iko, basi. Muulize, Papa Protais."

Protais aliandika swali kwenye ukurasa wa kushoto, akaiacha kaye wazi juu ya kiti, kama alivyokuwa akifanya kila Jumamosi tangu rafiki yake apotee. Jumapili sauti ilieleza kwa kirefu kwa nini wimbo wa nne ungekatwa dakika moja. Kuhusu mahali alipo, kimya. Wiki ya pili waliuliza tena; akazungumzia makofi ya mwisho wa kanda.

"Ni vile alikuwa," Kankindi alisema. "Siku Délice anazaliwa, weye ulituma kaye. Alisoma kwanza kaye."

Ndipo Protais akaelewa kwamba rafiki yake hajibu maswali. Anajibu maoni tu. Akachukua kalamu ya bik, akaandika, kwa makusudi ya kuudhi: "Ngoma ya wimbo wa tatu imelala usingizi."

Jumapili iliyofuata sauti haikusubiri hata mkwaruzo wa mwanzo wa kanda uishe.

"Imelala? Niko chini ya pipa la baryera, kati ya Bwegera na Luberizi, upande wa mfereji. Lori likipita wanaliviringisha pipa juu ya kifua changu, likirudi wanaliviringisha tena. Ngoma ninayo hapa usiku na mchana, Protais, najua ngoma iliyolala. Ya Kelderwind hailali. Kumi na nane. Sasa tuje kwenye besi."

Akaja kwenye besi. Kankindi aliomba irudishwe nyuma. Protais alirudisha kanda kwa kuizungusha na bik, ili asimalize betri, na mama yule akayasikia maneno hayo mara tatu. Kisha akajifunga kitenge upya, akasimama.

Kuchimba karibu na baryera, kizuizi cha askari barabarani, kulihitaji karatasi, na karatasi ilitoka kwa Étienne. Karani aliisikiliza kanda ofisini mpaka mwisho, kidevu juu ya ngumi, akaandika maelezo kwa herufi nzuri.

"Mama Délice, hapa minye siwezi andika mufu," alisema. "Muntu anatoa maoni. Anatoa na pointi juu ya makumi mbili. Mufu hana pointi."

"Iko chini ya pipa, Bwana Étienne."

"Nimeandika. Adresi: chini ya pipa. Lakini iko muzima."

"Minye nalala peke yangu."

"Iyo aiko mu règlement ya ofisi, mama," alisema Étienne kwa upole, akapiga muhuri.

Kankindi na Protais walikwenda hivyo hivyo, kwa lori la Jumatano. Baryera ilikuwa mwanzi mmoja na pipa moja lililojaa mchanga. Kamanda wa askari walioshika barabara mwaka ule alikuwa mtu wa adabu. Aliwapa kiti kimoja, wakakiacha wazi wote wawili. Aliisoma karatasi pande zote.

"Hapa banasema iko muzima," alisema. "Muntu muzima hachimbuliwi, mama. Ni kosa."

Kankindi alitazama udongo chini ya pipa. Ulikuwa umebonyea kidogo, kama godoro la mtu aliyezoea kulala upande mmoja. Kamanda aliisoma karatasi tena, akafikiri, akaingia kwenye kibanda, akatoka na furushi dogo la karatasi.

"Ilikuwa ushahidi. Tulimukamata na mapile mapya ine, tukasema ni ya radio ya adui. Lakini kama iko muzima, vitu vyake virudi. Mimi si mwizi."

Kankindi alipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Nyuma yao lori lilipiga honi, askari wawili wakaliviringisha pipa.

Jumapili ile Protais hakupanda kwenye bati. Alitia betri nne mpya, zile rafiki yake alizokuwa akimletea, na kabla ya upande B akataka kusikia upande A. Kelderwind waliondoka kama mbwa waliofunguliwa mnyororo. Ngoma zilikimbia, magita yakakimbilia ngoma, mwimbaji aliyekuwa mzee wa koo zito akawa kijana mwenye haraka, na nyimbo nne zikaisha mapema mno. Haikuwa imewahi kuwa demo ya polepole. Kwa miaka mitatu Protais alikuwa amelipa kundi la Ghent alama za betri zilizokaushwa juani.

Aliona aibu. Ilimuuma, na uchungu wake haukuwa wa muziki. Kisha akafungua kaye, akaandika tarehe.

"Unaandika nini?" aliuliza Kankindi.

"Kama yeye njo alikuwa na haki. Kumi na nane."

"Na akishasoma?"

Protais aliinua bik kutoka kwenye karatasi.

"Akishasoma, atabakia na nini ya kusema, Papa Protais?"

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Protais alilijua neno hilo tangu shule ya msingi, na maisha yake yote hakuwa ameandika maoni ya uongo hata mara moja, hata kuhusu Saint-Marteau. Kisha akaandika: "Nimesikiliza tena. Kelderwind ni polepole kuliko nilivyodhani. Kumi."

Jumapili iliyofuata sauti ilitoka kwa hasira, na kwa kuwa betri zilikuwa mpya, ilitoka kama ilivyokuwa kabla ya pipa: nyembamba, ya haraka, ikirukia neno kabla ya neno. Ilimtukana Protais kuanzia masikio hadi ukoo. Kankindi alivuta kigoda karibu na radio, nywele zikasukuma kitambaa mpaka begani, naye akaziacha. Msimu wa kupanda ulikuwa umefika, na wengine walikuwa tayari wameingia majini.

"Iko sauti ya siku ya harusi yetu," alisema.

Upande ulipoisha Protais alizitoa betri, akazifunga tena kwenye karatasi yake ili zidumu. Kankindi alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

"Juma hili umupe tisa," alisema.