Pazia la Kitanda cha Nyuma

Asubuhi ya Jumamosi, kabla gari halijatoka hata nje ya mji, Sista alikwisha kumwambia baba mkwe wake jambo ambalo mke wa mtu hamwambii baba mkwe. Alimwambia kwamba choo kiko pale nyuma ya ubao, kwamba maji yake yanavutwa kwa mkono, na kwamba asijibane, maana kwa umri wake kibofu si kitu cha kufanyia mchezo.

Mzee alitazama dirishani kana kwamba maneno yale yameelekezwa kwa mtu aliye barabarani. Mume wake Sista, mwalimu wa jiografia, aliinamia ramani yake. Binti yao wa miaka tisa ndiye pekee aliyecheka.

Sista hakuona kosa. Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, na huko hakuna kiungo chenye jina la siri. Jina lenyewe la Sista lilitoka kazini likamfuata hadi nyumbani, mpaka mume wake akalizoea.

Lilikuwa gari la kukodi, kubwa, lenye vitanda, jiko la gesi, sinki lisilotosha sufuria, na choo kilichotengwa kwa ubao mwembamba kiasi kwamba mtu akikohoa humo, dereva humpa pole. Hii ilikuwa mara yao ya tatu kulichukua kwa mapumziko ya mwisho wa wiki, kwenda kwenye hifadhi zilizo karibu. Mara mbili za kwanza walikuwa watatu. Safari hii walimchukua na mzee, aliyehamia kwao tangu afiwe na mke wake, na ambaye kwa miezi minne alikuwa akiishi kwenye nyumba ya mwanawe kama mgeni anayesubiri kuitiwa gari aondoke.

Sista ndiye aliyeendesha. Mikononi mwa mwalimu, gari lilikwenda kama linaomba ruhusa.

Na Sista ndiye aliyeweka utaratibu wa vikombe. Kazini kwao, tumbo la mgonjwa halifungwi mpaka vitambaa, sindano na mikasi vihesabiwe kwa sauti, mmoja akiuliza na mwingine akijibu. Miaka kumi na minne hakuwahi kuacha kitu ndani ya mtu. Kwa hiyo kila mmoja alipewa kikombe chake cha bati chenye rangi yake, na juu ya sinki kukawa na ndoano. Wakisimama mahali, watu hushuka na vikombe vyao. Anayerudi ndani anatundika chake. Sista akishika usukani huuliza, "Vikombe?" na binti akiona ndoano zimejaa hujibu. Kikombe kimoja kikikosekana, gari haliondoki. Ulikuwa utaratibu mzuri, na haukuwahi kukosea.

Mchana walisimama kula katika sehemu iliyoruhusiwa watu kushuka, juu ya ukingo wa mto. Palikuwa na meza mbili za saruji, mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, na upande wa pili wa mawe, hatua kama thelathini hivi, choo cha mawe chenye mlango wa chuma. Walikula mkate na mayai. Mzee alimtania mjukuu wake, akimwita mzee mwenzangu kwa sababu wote wawili walikuwa na mapengo, kisha akasema kichwa kinamuuma, ataingia kujinyoosha. Alisuuza kikombe chake mwenyewe. Hakutaka mke wa mwanawe amwoshee chombo, jambo alilokuwa akilifanya tangu siku ya kwanza, na ambalo Sista alikwisha kuchoka kulikataza. Akakitundika kwenye ndoano, akavuta pazia la kitanda cha nyuma. Wengine wakasogea ukingoni kutazama viboko.

Saa tisa na nusu Sista alishika usukani. "Vikombe?"

"Vinne."

Wakaondoka.

Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, mwendo ulioruhusiwa ukiwa kilomita arobaini kwa saa na gari lile likiweza thelathini. Waliona twiga. Waliona ndege ambao mwalimu aliwataja majina bila kuulizwa. Mara mbili Sista alipunguza sauti ya binti kwa kumwambia babu amelala. Saa kumi na dakika ishirini binti alifungua mkanda, akaenda nyuma kuchukua kalamu zake za rangi chini ya mto, na akakaa kimya muda mrefu kuliko kalamu zinavyohitaji.

"Mama," alisema. "Babu hayuko."

Sista alisema atazame chooni. Binti akasema ametazama. Kitandani palikuwa na kofia yake, simu yake na miwani yake, na shuka lilikuwa limekunjwa vizuri kama anavyolikunja yeye.

Sista alisimamisha gari katikati ya barabara. Aliwahi kuwaona wenzake kazini siku hesabu ilipowakataa, na kumshukuru Mungu kuwa si yeye. Alikwenda mwenyewe hadi nyuma, akalishika pazia, akalifungua na kulifunga, akalifungua tena. Kisha akarudi, akageuza gari lile refu mahali ambapo si pa kugeuzia, tairi la nyuma likachungulia mtaroni, likarudi.

Mwalimu alikuwa anapiga simu. Hakukuwa na mtandao. Alisema labda kuna gari jingine lililofika pale likamchukua. Alisema baba yake si mtu wa kuzubaa. Alisema kwamba yeye alidhani Sista amemtazama.

"Nilitazama kikombe," alisema Sista.

"Nami nilidhani..."

"Usidhani sasa. Tazama barabara. Ukiona shimo, sema."

Mwalimu akawa anasema shimo, shimo, kushoto, shimo, na hayo ndiyo yakawa mazungumzo yao kwa kilomita ishirini na mbili. Vikombe viligongana ukutani mpaka binti akasimama akaviondoa kimoja kimoja, akavikumbatia, akaketi navyo. Sista aliendesha huku akipanga, kama anavyopanga kazini mambo yakiharibika. Mzee ana miaka sabini na minane. Sikio la kushoto halisikii. Miwani ameiacha, kwa hiyo kitu kilicho mbali kwake ni kivuli tu. Hana maji. Jua bado kali, lakini linashuka, na saa kumi na mbili lango linafungwa na barabara hizi zinakuwa si za watu.

Na kwa nini alishuka bila kusema? Hilo alilijua kabla hajamaliza kujiuliza. Alijibana tangu asubuhi. Alisubiri wengine waende ukingoni kutazama viboko, akateremka polepole akakitafuta choo chenye ukuta wa mawe, mahali ambapo mke wa mwanawe hatamsikia.

Walipokata kona ya mwisho, Sista alizima redio iliyokuwa haiimbi chochote.

Meza zilikuwa tupu. Kati ya mawe ya chokaa na choo walisimama nyati wawili, madume wazee, wale wanaotembea peke yao kwa sababu kundi limewachoka. Mmoja alikuwa anakula. Mwingine alikuwa ameelekeza uso kwenye mlango wa chuma, hatua chache tu, ametulia kama mtu aliye kwenye foleni. Mbele ya mlango kulikuwa na ndala moja ya kahawia.

Mwalimu alishika kitasa cha mlango wa gari.

"Ukishuka nitakuwa na wawili wa kuokota," Sista alimwambia. "Kaa."

"Piga honi basi."

"Nikipiga honi atakwenda wapi? Mbele yake kuna mlango, na nyuma ya mlango huo kuna baba yako."

Hakuwa na hakika kwamba yuko nyuma yake. Alisema hivyo kwa sababu binti alikuwa anasikiliza.

Mwenye gari aliwaambia, wakati wa kukabidhiana funguo, kwamba wasitoke barabarani kamwe, kwani tangi la maji machafu linaning'inia chini kama tumbo la ng'ombe. Sista aliweka gia ya kwanza akapanda mawe ya chokaa. Kitu kilikwaruza, kikapasuka, na harufu ya maji machafu ikajaa ndani. Alisogea kwa mwendo wa mtoto anayetambaa, akaliweka gari lote, urefu wake wote, kati ya nyati na ukuta. Yule aliyekuwa kwenye foleni alirudi nyuma hatua mbili, akainua pua. Sista aliendelea kukunja usukani kidogo kidogo, mpaka mlango wa ubavuni wa gari ukatazamana na mlango wa chuma, nafasi kati yao hatua moja ya mtu mzima. Hakuzima injini.

"Sasa nenda," alimwambia mume wake. "Fungua wa kwetu. Usikanyage chini."

Mwalimu alifungua, akanyoosha mkono, akagonga chuma. Akaita baba. Akagonga tena, na mara hii kitu kiliuvuta mlango kutoka ndani, kwa nguvu, kuufunga zaidi.

"Anadhani ni mnyama," alisema binti.

"Baba, ni mimi!" mwalimu aliita. "Tumerudi. Gari liko mlangoni. Fungua uingie."

Sauti ya mzee ilitoka ikiwa kavu. "Nani yuko na wewe?"

"Sote tupo."

"Na mkeo?"

"Yuko kwenye usukani, baba. Fungua."

Kisha mzee akasema, kwa taabu, kwamba mlango hauna komeo. Ameufunga kwa mkanda wa suruali kwenye bomba. Akiufungua mkanda, atakuwa ameshika suruali mkononi. "Mwambie ageuke," alisema.

Kwenye kioo cha pembeni Sista alimwona nyati akizunguka nyuma ya gari. Hakuwa na haraka. Pembe zake zilikuwa pana kuliko kioo, zikatoka ndani yake upande huu na upande ule.

"Baba," aliita, kwa sauti anayoitumia kazini pale daktari mgeni anaposhika kisu kabla ya wakati. "Sigeuki. Namtazama nyati, naye ananitazama. Njoo na suruali au bila suruali, lakini njoo sasa."

Walisikia bomba likilia. Mlango wa chuma ulifunguka kidogo, ukatokea mkono, kisha bega. Mwalimu alimshika baba yake kwapani akamvuta, wakaanguka wote wawili sakafuni, na Sista akaondoa gari mlango ukiwa bado wazi. Pigo lilitua nyuma, upande wa kitanda, zito, kama mtu ameangusha kabati. Gari liliyumba, likapanda mawe, likashuka barabarani. Hakutazama kioo tena mpaka kona ikapita.

Mzee aliketi kwenye kimeza cha ndani ya gari, mguu mmoja ndala, mguu mmoja peku, akanywa maji kwa kikombe cha mjukuu wake. Kisha akauliza ni nani aliyegundua kwamba hayupo.

Mwalimu alianza kusema wote waligundua. Sista alimkata.

"Ni huyu mtoto. Mimi nilihesabu kikombe chako nikaondoka. Nilitaka kufungua pazia, baba, Mungu anajua. Kila siku nafunua watu nisiowajua hata majina. Nikasema, baba mkwe wangu amelala, nitamfunulia vipi."

Mzee alikizungusha kile kikombe cha bati mkononi.

"Nilisikia gari likiwaka," alisema hatimaye. "Ningeweza kupiga kelele. Ningepiga kelele ningesikika. Lakini nilikuwa nimechuchumaa." Akasita. "Nikaona, nikishamaliza nitatoka. Sikujua kwamba unaondoa gari upesi hivyo."

Binti alijaribu kutocheka, akashindwa. Hakuna aliyejiunga naye.

Lango lilikuwa limefungwa walipofika. Askari wa hifadhi alitoka na daftari lake, akazunguka gari, akatazama maji yaliyokuwa yakidondoka chini na tundu lililokuwa nyuma, linalotosha ngumi mbili. Akataka kujua wamechelewa kwa sababu gani. Mwalimu alisema pancha.

"Si pancha," alisema Sista. "Tulimsahau baba mkwe wangu kule mtoni. Niliondoka nikamwacha."

Askari alimulika tochi ndani, kwa mzee.

"Hakunisahau," alisema mzee. "Nilishuka bila kuaga."

"Baba, acha. Dereva ni mimi."

"Na aliyeshuka ni mimi. Sehemu ile watu wanaruhusiwa kushuka, kijana. Niliruhusiwa."

Askari aliwatazama mmoja mmoja. Akasema kwamba daftari lina mstari mmoja tu wa sababu, sasa aandike ipi.

"Andika ya kwangu," walisema, karibu pamoja.

Akaegemea gari, akaanza kuandika, polepole, akitamka herufi chini ya pumzi. Ndipo mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka. Ilianza kwenye vidole ikapanda hadi viwikoni, na kikombe kikagonga meza mfululizo, naye akakitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine. Mwanawe hakuona, alikuwa anafuata kalamu ya askari. Sista alitoka kwenye usukani, akapita kati ya viti, akaketi karibu naye. Alikiondoa kikombe. Kisha akaishika mikono yote miwili, mikavu na ya baridi, akaibana kati ya yake, na mzee hakuitoa, mpaka askari alipomaliza kuandika na lango likaanza kufunguliwa.