Doa la Chai

Madam alinikuta jikoni nikifungua chapati zangu. Akakiona kitambaa nilichozifungia, akanyamaza, akatoka. Madam wangu wa Kijapani hanyamazi hata akila, kwa hiyo nikajua nimekwisha.

Kitambaa chenyewe ni cheupe, kina duara jekundu katikati na maandishi ya wino pande zote. Babu alirudi nacho kutoka Burma, Waingereza walikompeleka kupigana na Wajapani. Alisema alipewa na rafiki. Nyanya alikifunikia vyakula miaka yote, na nilipopata kazi ya nyumbani Dubai, mwaka 2004, akanifungia nacho mandazi ya safari. Kina doa la kahawia ambalo sabuni zote zimeshindwa kulitoa. Chai, babu alituambia.

"Damaris! Kuja na hicho kitambaa!" madam akaita kutoka sebuleni.

Pasipoti yangu iko kwenye droo ya sir, mume wake, na msichana wa jirani alirudishwa kwao kwa ajili ya pete iliyokuja kuonekana chini ya kochi.

"Sikuiba, madam, haki ya Mungu! Ni cha babu yangu!"

Mama yake madam, bibi aliyekuja kuwatembelea kutoka Japani, alikipokea kwa mikono miwili, akasoma polepole. Madam akanitafsiria. Ilikuwa bendera, na maandishi yale ni majina ya majirani wakimwombea kijana wao. Bibi alipokuwa na miaka minane, wanajeshi walishika kila kitu, hata shule. Walimu waliwapanga kituoni, vijana wakapanda treni kwenda kuteka China, kisha nchi nyingine, na nyingine, kila mmoja amejifunga bendera kama hii chini ya sare.

"Tuliwapigia makofi," bibi akasema. Akaweka kidole kwenye doa. "Hakuna aliyeivua akiwa hai."

Hakuna aliyenifukuza. Bibi aliomba tu babu aulizwe kijana yule aliangukia wapi, jamaa zake wajue. Madam akanipa simu yake.

Babu alipokea akicheka, akauliza kama Waarabu wameshanioa. Nikamwambia Wajapani wamekisoma kitambaa na wanamuulizia kijana mwenye nacho.

Kicheko kikakatika. Huyu ndiye mzee aliyemfukuza chui zizini kwa jembe, na sasa aliongea kwa kunong'ona:

"Umeshawaambia jina langu?"