Ukoo Mzima Ndani ya Seva

Mdogo wangu Irfane alipotangaza kwamba hifadhidata za majedwali haziwezi kubeba watu wengi, nilijua kuna jambo amelivuruga mwenyewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2008. Kisiwa cha Nzwani kilikuwa kimejitenga na Komoro, safari za meli zimekatika, na kupiga simu Mutsamudu, mji wake mkuu, ni bahati nasibu. Irfane akatengeneza tovuti ili watu wa kisiwa chetu na wa Nzwani waachiane habari. Wiki ya kwanza alitamba mtaa wetu wa Magoudjou mzima. Kisha watu wakafurika, hadi wenzetu walio ughaibuni Marseille, na tovuti ikazimia.

Kwa mama yetu, Koultoumi, hilo halikuwa suala la kiufundi. Dada yetu Zahiya alikuwa Mutsamudu na mimba ya miezi tisa. Mama alikaa mbele ya kompyuta na tasbihi yake, akingoja habari za mwanawe. Iliniuma kumtazama.

"Lazima niandike yote upya," Irfane akasema. "Mwezi mmoja hivi."

"Mwezi! Hebu niambie kwanza, mtu akifungua ukurasa, unaiuliza nini hifadhidata?"

Akakohoa. "Jamaa zake wote. Na jamaa wa jamaa zake. Ili kila ujumbe uwafikie wote kwa pamoja."

Nilicheka hadi nikaketi. Visiwani kwetu, ukifuata jamaa wa jamaa, hubakizi mtu. Kila aliyefungua ukurasa aliilazimisha seva maskini ipekue ukoo wa Komoro nzima.

"Lakini dada, Mama Mkubwa Djaouharia asipoambiwa mapema, atanuna mpaka Ramadhani!"

Hapo alisema kweli. Hata hivyo nilimwamuru aifute hatua hiyo. Ujumbe umfikie aliyeandikiwa, basi. Jamaa zake atawaambia mwenyewe kwa mdomo wake. Majedwali yaleyale, seva ileile, na ukurasa ukafunguka bila kusita.

Ujumbe wa Zahiya ulikuwapo. Mama alikuwa bado anatafuta miwani Mama Mkubwa alipoingia kutoka nyumba ya pili, uso umeshakunjwa.

"Kuna habari za Zahiya na sijaitwa? Mimi niambiwe na nani?"

"Na mimi, dada. Kaa." Mama akavaa miwani, akasoma: "Mama, nimejifungua salama. Ni msichana. Analia kama Mama Mkubwa Djaouharia, mtaa mzima haulali."

Tukainamisha vichwa kungoja kishindo.

"Basi ana afya," Mama Mkubwa akasema, kisha akaangua kilio ambacho nadhani hata Mutsamudu walikisikia.