Mfuniko wa Gari la Batholomeo

Mwaka 1993 magari ya Dubai yalikuwa yameanza kuzoeleka Dodoma, lakini gari la spoti kama la Batholomeo watu wa Majengo walikuwa hawajaliona. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, limelala chini kiasi kwamba mawe ya barabara ya Miyuji yalilikwangua tumbo. Batholomeo alikuwa mzabuni wa vifaa vya ofisi za umma, mnene, mchangamfu, anayeongea kwa sauti hata ukiwa karibu naye.

Asubuhi hiyo alilileta kwa Yahaya, fundi mwenye gereji nyuma ya maduka ya nafaka. Mfuniko wa tenki ulikuwa umeibwa, naye alikuwa amenunua mwingine wa kung'aa, wenye kufuli.

"Nifungie hicho kito, fundi," alisema.

Mdomo wa tenki ulikuwa umezibwa kwa kitambaa. Yahaya alikivuta. Kilikuja kirefu, kikichuruzika petroli na uchafu mweusi, mpaka akabaki ameshika nusu ya shuka. Kwenye pindo palikuwa na muhuri wa bluu wa hospitali, na chini yake maneno: Wodi ya Wanawake.

Yahaya aliyasoma mara mbili. Mama yake, Bi Mwamvua, alikuwa na siku ya tisa katika wodi hiyo, tangu walipomtoa kijijini Kolo amevunjika nyonga. Alilala juu ya godoro la plastiki lililopasuka. Mikojo ya wagonjwa waliomtangulia ilikuwa imenyweka ndani ya sponji, na jua likipanda ilitoa harufu iliyomfanya Nasra, dada yake Yahaya, azibe pua kwa ushungi akimlisha mama. Waliambiwa mashuka hayapo.

"Hili umelipata wapi, bosi?"

"Hilo? Ninayo tele." Batholomeo alifungua buti. Ndani palikuwa na furushi kubwa, mashuka meupe ambayo mikunjo ya kiwandani ilikuwa haijatoka. "Nilipeleka mzigo hospitali, wakubwa wakasaini umefika wote, kisha nusu tukarudi nayo. Yanafyonza oili kuliko matambara ya sokoni."

Akachomoa moja, akainama, akafuta vumbi kwenye viatu vyake. Kisha akapengea kamasi humo humo, akalitupa chini.

Mate yalimjaa Yahaya mdomoni kama mtu anayekaribia kutapika. Akageuka, akatema. Alitaka kumwambia aondoe gari lake pale. Lakini macho yake yalirudi kwenye buti, akainamia kazi.

Mfuniko haukuwa wa gari lile. Meno yake yalikuwa mapana, hayakuingia, ikambidi ayapige tupa moja moja. Mpira wake ulikuwa mgumu, akakata mwingine kutoka kwenye tyubu ya tairi. Mfuniko wenyewe haukuwa hata na tundu la kupitisha hewa. Bila hewa kuingia tenkini petroli isingeshuka, na gari lingezima njiani. Akatoboa tundu dogo kama la sindano. Muda wote huo Batholomeo alisimama juu yake akila karanga na kumsimulia habari za wakubwa aliokunywa nao.

Mwishowe ufunguo ulizunguka vizuri.

"Haya, sema nikupe nini."

"Nipe hilo furushi."

Batholomeo alicheka mpaka karanga zikamtoka mdomoni. "Matambara? Chukua, fundi! Wewe ni rahisi."

Yahaya na Nasra waliyafua mashuka siku hiyo hiyo. Kesho yake, saa ya kuona wagonjwa, waliingia nayo wodini. Hawakupita ofisini. Muuguzi wa zamu, Sista Lydia, aliwazuia mlangoni.

"Mmeyatoa wapi haya?"

Yahaya alimtajia jina. Sista Lydia alitazama nyuma yake, kisha akashusha sauti. "Usilitaje tena humu ndani. Nilihesabu mzigo ule ulipofika. Niliposema ni pungufu, niliambiwa sijui kuhesabu." Akachukua shuka la juu, akalikung'uta. "Anzeni upande ule."

Walitandika vitanda kumi na nane. Bi Mwamvua alipoinuliwa, ngozi ya mgongo wake ilibanduka kutoka kwenye plastiki kwa mlio mdogo, na Nasra akatoka nje mbio. Yahaya hakutoka. Aliushika mgongo wa mama yake, mbichi na wenye usaha, mpaka shuka lilipokwisha kunyooshwa chini yake.

Baada ya wiki Batholomeo alirudi gereji kumsifu: mfuniko hauvuji hata tone. Akanyoosha mkono.

Yahaya aliutazama mkono ule mweupe kiganjani, wenye pete.

"Tafuta fundi mwingine," alisema.

"Nimekukosea nini?"

Yahaya alikwenda kwenye ndoo, akanawa kwa sabuni ya unga mpaka kwenye viwiko, ingawa hakuwa amemgusa.