Nuru Yaja, Mara ya Pili

Mama mwenzangu, mtoto wako akipanda jukwaani kuimba, usikae mahali anapoweza kukuona. Kaa nyuma ya nguzo. Kaa nje na wauza maji. Mimi nilikaa safu ya tatu, katikati kabisa, na kitambaa chekundu kichwani ili anione vizuri, ndiyo maana leo naandika.

Naitwa Khavere, lakini hapa mtaani Kware kila mtu ananiita Mama Vivian. Nauza mboga mlangoni mwa flati tunayoishi. Shule niliachia darasa la saba, huko kwetu Vihiga, na kitu kimoja nilichotoka nacho kikiwa kizima ni kusoma solfa. Kiingereza kinanisumbua, lakini nipe karatasi ya do-re-mi na nitakuimbia hapo hapo.

Flati yetu ina ghorofa saba. Katikati mjenzi aliacha tundu la kupitisha hewa, kutoka chini mpaka juu, na milango yote inalitazama. Jua halifiki chini. Hapo chini ndipo kuna mfereji, bomba letu la maji, na ndipo tunafulia. Ukikohoa hapo, mtu wa ghorofa ya sita anakuambia pole, halafu kikohozi chako kinakurudia mwenyewe.

Vivian, kifungua mimba wangu, alizoea kuimba hapo akifua. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alimaliza kidato cha nne, akakaa. Alikuwa anasuka watu nywele siku ambazo kuna watu. Jumapili alikuwa soprano katika kwaya ya kanisa letu, na mimi alto nyuma yake.

Kiongozi wa kwaya ni Mwalimu Shiundu. Alifanya kazi ya ukarani reli miaka thelathini na moja, na mpaka leo akisema saa tisa anamaanisha saa tisa. Nyimbo anazozipenda ni zile za Wazungu wa zamani sana, wa miaka mia tatu iliyopita, ambazo sauti moja inakimbia juu na chini kwenye neno moja mpaka unajiuliza mwimbaji atapumua lini. Anazo kwenye daftari, solfa ya mkono wake, maneno ya Kiswahili.

Mmoja unaitwa "Nuru Yaja Bondeni". Ni wa mwimbaji mmoja. Una sehemu ya kwanza ya furaha, sehemu ya pili fupi ya huzuni, halafu mwisho wa karatasi imeandikwa: rudia ya kwanza. Neno "yaja" peke yake lina noti arobaini na tatu. Nimezihesabu. Mwalimu Shiundu alimpa Vivian wimbo huo mwezi wa tatu, kwa sababu ya mashindano.

Mashindano yenyewe ni ya kwaya za makanisa, hufanyika mwezi wa saba. Mwaka huu waliweka tuzo mpya kwa mwimbaji wa peke yake: mwaka mzima wa kusomea uimbaji kwenye shule moja ya muziki mjini, bila karo. Lazima uwe hujafika miaka ishirini. Vivian angefikisha ishirini mwezi wa tisa. Basi ilikuwa mara hiyo moja tu. Na jina linapelekwa na mwalimu wa kwaya. Yeye ndiye anayeliandika na yeye ndiye anayeweza kulifuta.

Nilikuwa silali vizuri kwa ajili ya jina hilo.

Sasa, ghorofa ya tatu anakaa msichana anaitwa Lorine. Anafanya kazi kiwanda cha plastiki, na akitoka anatengeneza muziki kwenye simu. Siku moja ya Alhamisi, ambayo ndiyo siku ya maji hapa kwetu, Vivian alikuwa kwenye foleni ya mfereji akiimba ule wimbo. Alipofika kwenye "yaja" akaliachia likapanda tundu lote. Adhiambo wa ghorofa ya nne akapiga kelele kutoka juu, "Maji yaja!" Watu wakacheka. Vivian akarudia, na mara hii akangoja sauti yake irudi, akaijibu kwa noti tatu za juu ambazo hazikuwa kwenye karatasi. Wanawake wakaanza kupiga mitungi mitupu. Kila ghorofa ikawa inajibu, "Maji yaja!" Lorine alikuwa amesimama kwenye ngazi na simu yake, akirekodi.

Siku mbili baadaye ile video ilikuwa na mdundo chini yake, mitungi imepangwa vizuri, na Vivian juu kabisa na zile noti zake tatu. Ikatembea simu kwa simu. Wateja walikuwa wananiambia, "Mama Vivian, nipe sukuma ya ishirini, na uimbe kidogo."

Mimi sikucheka.

Niwaambie kwa nini. Nikiwa darasa la sita nilikuwa kwenye kwaya ya shule. Tulikuwa tunakwenda kuimba Kakamega. Kwenye mazoezi nikaongeza kijisauti kimoja mwisho wa mstari, kile nyanya yangu alikuwa akiongeza akiimba matangani. Mwalimu akasimamisha kwaya. Akaniuliza hiyo iko ukurasa gani. Lori la kwenda Kakamega lilijaa bila mimi, nikabaki nikifagia darasa. Nilijifunza.

Mwalimu Shiundu alipata ile video kwenye kikundi cha WhatsApp cha kwaya. Jumamosi kwenye mazoezi hakusalimia. Aliweka daftari juu ya meza, akavua kofia.

"Vivian. Huu wimbo ni wa nani?"

"Ni wa kwaya, Mwalimu."

"Hapana. Una mwenyewe. Mtu alikaa akaandika kila noti. Ukipewa barua ya mtu upeleke kwa mwingine, utaifungua njiani uongeze maneno yako?"

Lorine alikuwa amemsindikiza Vivian, amekaa benchi la nyuma. Hakuulizwa kitu, lakini alijibu.

"Lakini Mwalimu, huyo mzee si alikufa kitambo? Hawezi kulalamika."

"Ndiyo sababu ninalalamika mimi kwa niaba yake."

"Si ata ye angefeel poa akiskia mitungi? Buda, ngoma imeweza!"

Mwimbaji mmoja wa bezi akacheka kusikia mzee anaitwa hivyo, akajifanya anakohoa.

"Mimi si buda wako," Mwalimu akasema. "Nilifundishwa wimbo huu na mtu aliyetuchapa vidole kwa noti moja ya ziada. Moja. Nimeufundisha miaka arobaini na zaidi na haujapungua wala kuongezeka. Wimbo huu utaimbwa ulivyoandikwa, ama hautaimbwa. Vivian, chagua. Jina lako bado liko mfukoni mwangu."

Vivian alimwangalia Lorine, halafu akaniangalia mimi.

Nilisimama kabla hajafungua mdomo. "Mwalimu, tunaomba msamaha. Ni utoto. Video itafutwa leo."

"Anaomba yeye ama unaomba wewe?"

"Anaomba yeye," nikasema.

"Naomba msamaha," Vivian akasema.

Tulirudi nyumbani, mimi na Vivian, mpaka kwenye ngazi. Hapo akasimama.

"Mathe, mimi sikuwa nachezea wimbo. Ule wimbo unataka kitu pale unaporudi. Unaimba ile huzuni yote ya katikati, halafu unarudi kwa furaha ile ile, noti zile zile, kama hakuna kitu kimefanyika? Mtu hawezi kurudi vile alivyotoka."

"Karatasi imesema rudia."

"Imesema rudia. Haijasema vile vile."

"Vivian, ukishapata hiyo nafasi, utaimba unavyotaka mpaka uchoke. Sasa hivi imba karatasi. Niahidi."

Akaniahidi. Na miezi miwili iliyofuata aliimba karatasi. Alikuwa anafua kimya na kufanyia mazoezi ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Adhiambo aliniuliza kama mtoto ana homa.

Siku ya mashindano tulienda kwenye ukumbi wa kanisa moja kubwa upande wa Makadara. Waamuzi walikuwa watatu. Wa katikati alikuwa mwalimu wa sauti, wakimwita Madam Clare, mama wa makamo mwenye miwani kwenye kamba. Waliimba kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa msichana kutoka Mathare, na alipofika kwenye marudio ya wimbo wake alianza kupindapinda sauti, anapanda pale hakukuwa na ngazi. Mwalimu Shiundu, aliyekuwa kando yangu, akafumba macho. "Huyo ameisha," akaninong'oneza. Nikashukuru moyoni. Ndiyo, nilishukuru.

Vivian alikuwa wa tisa. Gauni nililomshonea la buluu lilimkaa vizuri. Aliimba sehemu ya kwanza, na zile noti arobaini na tatu zikapita moja moja, safi, unaweza kuziokota. Akaimba ile ya huzuni. Ukumbi ukatulia, hata watoto. Kisha piano ikarudi mwanzo.

Alipofika kwenye "yaja", alinyanyua kidevu. Nilikijua kile kidevu, ni vile anavyofanya kule chini kwenye mfereji akingoja sauti irudi. Noti ya kwanza kati ya zile tatu ikatoka. Moja, ya juu, nyembamba. Na katika kuishikilia akaniangalia mimi.

Nilitikisa kichwa.

Ni kidogo tu, kulia na kushoto. Mtu aliyekaa nyuma yangu hangejua. Vivian akaiteremsha ile noti, akaingia kwenye karatasi, akaimba mpaka mwisho vile vile alivyoimba mwanzo. Watu walipiga makofi sana. Mwalimu Shiundu alinishika mkono, vidole vyake ni baridi. "Safi," alisema. "Kama reli."

Matokeo yalisomwa saa kumi. Yule wa Mathare alikuwa wa kwanza. Vivian wa pili. Tuzo ilikuwa moja.

Kila mwimbaji alipewa karatasi yenye maneno ya waamuzi. Ilikuwa kwa Kiingereza. Tulisimama nje kwenye ngazi, sisi watatu, na Mwalimu akasema miwani yake iko ndani ya begi, Vivian asome. Vivian akatutafsiria, polepole, sauti yake haipandi wala haishuki.

"Madam Clare anasema sauti ni nzuri kuliko zote za leo. Anasema pumzi ni nzuri. Anasema, marudio yameimbwa sawa na mwanzo. Katika nyimbo za wakati huo, mtunzi alikuwa anamwachia mwimbaji marudio ayapambe mwenyewe. Ndiyo ilikuwa desturi. Mwimbaji asiyepamba alionekana hajamaliza kazi."

"Soma tena hapo," Mwalimu Shiundu akasema.

Akasoma tena.

Mwalimu akatafuta miwani, akaitoa, akaichukua karatasi, akasoma mwenyewe. Alichukua muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwapo. "Mimi nilifundishwa hivyo," akasema. Hakuwa anamwambia mtu. "Aliyenifundisha pia alifundishwa hivyo." Akamrudishia Vivian karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

"Kuna mstari wa mwisho," Vivian akasema. "Anasema, kwenye 'yaja' ya pili mwimbaji alianza jambo, halafu akaliacha. Anasema angependa kulisikia."

Aliikunja karatasi mara nne, akaiweka kwenye kiatu kwa sababu lile gauni sikulitia mfuko.

Tulipokuwa tumebaki wawili akaniuliza, "Mathe. Ulitikisa kichwa, ama?"

"Ni nzi," nikasema. "Kulikuwa na nzi."

"Sawa," akasema.

Hajaniuliza tena. Mwezi wa tisa alifikisha ishirini. Nilimpikia kuku, Lorine akaleta keki, tukala. Mwalimu Shiundu alimtumia ujumbe kwamba amenunua daftari jipya na anataka Vivian amwonyeshe zile noti tatu aziandike kwa penseli. Vivian akamjibu kwa heshima kwamba atakuja akipata nafasi. Bado hajapata.

Wengine mtaniambia si kosa langu, mwalimu ndiye alitisha. Mwalimu alikuwa amekaa kando yangu na macho yake yalikuwa kwenye daftari. Aliyeangaliwa ni mimi. Mtoto alikuwa ameshatoa noti ya kwanza, alikuwa anataka kujua kama anaweza kutoa ya pili, na mimi nikamjibu na woga wa mwaka ule wa lori.

Anaimba tena siku hizi, msidhani ameacha. Alhamisi maji yakija anashuka na mitungi yake. Anaimba sehemu ya kwanza, ile ya furaha, inapanda mpaka juu kabisa na watu wanafungua milango. Anaimba ile ya huzuni. Halafu anafunga mfereji, anajitwika mtungi, anapanda ngazi.

Juma lililopita Adhiambo aliinama kwenye ukuta wa ghorofa ya nne, mwiko wa ugali bado mkononi.

"Vivian! Na ile ya kurudi? Sisi tumengoja hapa!"

Vivian alikuwa ameshaingia ndani. Mimi nilikuwa bado chini, nikijaza mtungi wangu, na zile ghorofa zote zilikuwa zimenyamaza zikinitazama.

"Leo hakuna," nikajibu.

Tundu likanirudishia: hakuna.